Nasaba za Wakulima Wakatoliki wa Kaunti ya Stearns, Minnesota: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali yanayorudiwa na watu wanaofuatilia asili ya familia za Kikatoliki zilizoanza kulima katika Kaunti ya Stearns, katikati ya Minnesota, tangu miaka ya 1850. Wengi huanza kwa kutafuta jina la ukoo peke yake. Ushauri unaopita katika majibu yote hapa ni mwingine: anza na parokia, kwa kuwa familia hizi zilihama, zikaoana, zikadhaminiana na kuzikana kwa parokia.

## Mambo ya msingi

1. Familia hizi zilitoka wapi, na ni nani aliyezielekeza Stearns?

Sehemu kubwa walikuwa Wakatoliki Wajerumani kutoka Westfalia, kutoka wilaya za Vechta na Cloppenburg kusini mwa Oldenburg, kutoka vilima vya Eifel karibu na Trier na kutoka Bavaria, pamoja na Waluksemburg. Baadaye walifika Waslovenia, ambao kituo chao kikubwa kilikuwa St. Stephen, na Wapolandi waliojikusanya Opole na Holdingford.

Aliyewaita ni Padre Francis Pierz, mmisionari Mslovenia aliyezaliwa mwaka 1785, akafika Marekani mwaka 1835 na kuingia Minnesota mwaka 1852 ili kuwahudumia Waojibwe, moja ya mataifa ya wenyeji wa asili wa eneo hilo. Katikati ya miaka ya 1850, akiwa na umri unaokaribia miaka 70, aliandika barua katika magazeti ya Wakatoliki Wajerumani, hasa *Der Wahrheitsfreund* la Cincinnati, akilisifu bonde la mto Sauk na kuwahimiza wakulima waje haraka kabla ardhi haijachukuliwa na wengine. Aliwaonya pia wasije na watu wasiojali dini wala wachochezi wa siasa. Mwitikio ulikuwa mkubwa kiasi kwamba kaunti yenyewe, iliyoundwa mwaka 1855, ilipata sura ya Kikatoliki ndani ya miaka michache.

Jambo moja husahauliwa: wengi wa walioitika hawakutoka Ulaya moja kwa moja. Walikuwa wameshaishi Ohio, Indiana, Illinois, Missouri au Wisconsin, mara nyingine kwa miaka kumi na zaidi. Kwa hiyo ndoa ya wazazi au ubatizo wa watoto wakubwa huenda umeandikwa katika parokia ya Cincinnati au ya mashambani Indiana, wala haumo Minnesota.

2. Je, ardhi hiyo ilikuwa tupu walipofika?

Hapana. Ilikuwa nchi ya Wadakota na Waojibwe, na Wadakota walilazimishwa kuachia maeneo makubwa kwa mikataba ya 1851. Waho-Chunk, taifa jingine la wenyeji wa asili, nao walikuwa wamewekwa Long Prairie, jirani kabisa na Stearns, kuanzia 1848 hadi walipohamishwa tena mwaka 1855, yaani mwaka ule ule ambao kaunti iliundwa. Anayeandika historia ya familia na kuanza na sentensi kwamba babu “alikuta pori” anaacha sura ya kwanza. Vita vya Marekani na Wadakota vya Agosti 1862 vimeacha alama katika nyaraka pia, kwa kuwa baadhi ya familia zilikimbilia maboma na miji, na ubatizo wa miezi hiyo unaweza kukutwa mbali na shamba.

3. Nianzie wapi ikiwa nina jina la babu tu?

Anza na wewe mwenyewe urudi nyuma, hatua kwa hatua, ukitafuta kwa kila mtu mambo mawili: alibatizwa parokia gani na alizikwa makaburi gani. Cheti cha kifo, kadi ya maombi ya mazishi na tangazo la tanzia kwa kawaida hutosha kukufikisha kwenye parokia. Minnesota ilianza kusajili vizazi kwa jimbo zima mwaka 1900 na vifo mwaka 1908. Kabla ya hapo kumbukumbu za serikali ni za kaunti na zina mapengo, ilhali vitabu vya kanisa ni kamili zaidi.

Mahali pa kwenda ni patatu: ofisi ya parokia au hifadhi ya nyaraka ya Jimbo Katoliki la St. Cloud, maktaba ya utafiti ya Jumba la Makumbusho la Stearns mjini St. Cloud, na Jumuiya ya Kihistoria ya Minnesota mjini St. Paul. FamilySearch, tovuti ya nasaba ambayo haitozi ada, ina sensa na nyaraka nyingi za kaunti. Usitegemee matawi ya ukoo yaliyojazwa na watu wengine kwenye intaneti. Yachukue kama fununu ya mahali pa kutafuta.

4. Parokia zipi ni za mwanzo?

Wabenedikto watano kutoka abasia ya Mtakatifu Vincent, Pennsylvania, walifika mwaka 1856 kwa ombi la Askofu Joseph Cretin wa St. Paul. Ndio waliohudumia St. Cloud, St. Joseph, Jacobs Prairie, Richmond, St. Augusta na vituo vingine vya kwanza, na ndio walioanzisha abasia ya Mtakatifu Yohane iliyopo Collegeville. Masista Wabenedikto walifika St. Cloud mwaka 1857 na kuhamia St. Joseph mwaka 1863. Parokia kama New Munich, Meire Grove, St. Martin, Spring Hill na Freeport zilikua kadiri watu walivyosogea magharibi.

Uongozi wa juu ulibadilika, na hili lina maana ukitafuta barua au vibali vya askofu. Eneo lilikuwa chini ya St. Paul hadi 1875, likawa Vikarieti ya Kitume (eneo la kanisa ambalo bado halijawa jimbo kamili) ya Minnesota ya Kaskazini chini ya Rupert Seidenbusch, kisha Jimbo Katoliki la St. Cloud likaundwa mwaka 1889 na askofu wake wa kwanza akawa Otto Zardetti.

## Vitabu vya parokia

5. Kitabu cha ubatizo kinasema nini hasa?

Kwa mtindo wa kawaida, mstari mmoja wa Kilatini husomeka hivi: *Die 14 Martii baptizavi Joannem Henricum, natum 12 hujus*, yaani tarehe 14 Machi nilimbatiza Johann Heinrich, aliyezaliwa tarehe 12 ya mwezi huu. Hufuata jina la baba, jina la mama pamoja na ukoo wake wa kuzaliwa, kisha *patrini*, ambao ni wasimamizi wawili, na mwisho saini ya padre. Siku mbili kati ya kuzaliwa na kubatizwa ni jambo la kawaida kabisa, hata katika majira ya baridi kali, kwa sababu wazazi waliogopa mtoto asife bila ubatizo.

Mstari huo mfupi una mambo matatu ambayo sensa haikupi: siku kamili ya kuzaliwa, ukoo wa mama na watu wawili wa karibu. Kwa mtafiti mzoefu, hao wawili ndio hazina kuu (tazama swali la 9).

6. Babu alizaliwa kijijini humo lakini hayumo katika kitabu cha parokia. Kwa nini?

Angalia kwanza mwaka wa kuanzishwa kwa parokia. Kabla ya kijiji kupata paroko wake, mmisionari alipita akisoma misa sebuleni kwa mtu, kisha akaandika ubatizo katika kitabu alichotembea nacho au katika kitabu cha parokia mama. Kwa hiyo ubatizo wa mtoto wa New Munich mwaka 1858 unaweza kukaa katika kitabu cha kituo kilicho mbali.

Sababu ya pili ni tahajia. Padre Mbavaria aliyesikia jina la ukoo kutoka kwa mtu wa Oldenburg anayesema Kijerumani cha chini aliandika alivyosikia. Tafuta C badala ya K, D badala ya T, na *oe* au *o* tupu badala ya *ö*. Sababu ya tatu ni parokia za vijijini zilizounganishwa: vitabu huhamia ofisi ya parokia iliyobaki, na si kila katibu anajua vilipo. Uliza hifadhi ya Jimbo Katoliki kabla ya kukata tamaa.

7. Sijui Kilatini. Nitaweza kusoma?

Utaweza, kwa kuwa msamiati ni mdogo na unajirudia ukurasa hadi ukurasa. *Filius* ni mtoto wa kiume na *filia* wa kike. *Vidua* ni mjane. *Sepultus* au *sepulta* ni aliyezikwa. *Eodem die* ni siku ile ile ya mstari wa juu. Majina huvaa vazi la Kilatini kanisani, la Kijerumani nyumbani na la Kiingereza mahakamani, hivyo Guilelmus, Wilhelm na William ni mtu mmoja, na Ludovicus ni Ludwig au Louis.

Mitego miwili huwanasa wengi. Wa kwanza ni miezi iliyofupishwa kwa tarakimu: *7bris* ni Septemba, si Julai, *8bris* ni Oktoba, *9bris* Novemba na *Xbris* Desemba. Wa pili ni jina Johann. Wakatoliki wa kaskazini-magharibi mwa Ujerumani walilitanguliza kwa watoto wengi wa kiume, kisha wakamwita mtoto kwa jina la pili. Johann Heinrich wa kitabu cha ubatizo atakuwa Henry katika sensa, na ukimtafuta John hutampata kamwe. Maandishi ya Kijerumani cha zamani yaliyoandikwa kwa mkono ni magumu zaidi kuliko Kilatini, na hayo yanahitaji mazoezi ya wiki kadhaa.

8. Pembeni mwa mstari wa ubatizo kuna maandishi ya miaka mingi baadaye. Ni ya nini?

Ni taarifa ya ndoa. Amri ya Kanisa iitwayo *Ne Temere*, iliyoanza kutumika siku ya Pasaka, 19 Aprili 1908, ilimtaka paroko aliyefungisha ndoa aijulishe parokia ya ubatizo ili ndoa iandikwe pembeni mwa jina. Kwa hiyo mtoto aliyebatizwa St. Martin mwaka 1890 anaweza kuwa na maandishi pembeni yanayosema alioa mwaka 1914 katika parokia ya Dakota Kaskazini, ambako usingewaza kumtafuta. Kanuni hiyo ndiyo inayomfanya mchumba wa leo kule Moshi au Machakos aambiwe alete cheti cha ubatizo kilichotolewa karibuni, hata kama anacho cha utotoni kabatini: paroko anataka kuona kama pembeni pameandikwa kitu.

Ukiomba nakala ya ubatizo, taja wazi kwamba unataka na maandishi ya pembeni. Cheti kilichojazwa kwenye fomu mara nyingi huyaacha.

9. Kwa nini mnasisitiza wasimamizi wa ubatizo?

Kwa sababu msimamizi hakuchaguliwa ovyo. Mtoto wa kwanza kwa kawaida alisimamiwa na babu, bibi, au ndugu wa baba na wa mama. Waliofuata walipata shangazi, wajomba na majirani waliotoka kijiji kimoja Ulaya. Andika wasimamizi wa watoto wote wa familia moja kwenye karatasi moja na utaona majina matatu au manne yakirudi. Mmoja wao, kwa bahati, atakuwa ameacha tanzia inayotaja kijiji alichozaliwa, na mara nyingi hicho ndicho kijiji cha familia yako pia. Njia hii imefungua kesi nyingi zilizokwama kuliko nyaraka za meli (tazama swali la 17).

Fanya vivyo hivyo kwa mashahidi wa ndoa na, kama ilivyo katika swali la 13, kwa mashahidi wa ardhi.

10. Kitabu cha ndoa kinataja *dispensatio in tertio gradu*. Je, walikuwa ndugu?

Maneno hayo ni kibali cha Kanisa cha kuoana katika daraja la tatu. Ndiyo, walikuwa ndugu, kama neno linalofuata ni *consanguinitatis*, yaani undugu wa damu. Kanisa lilihesabu vizazi kutoka kwa mzazi wa pamoja: watoto wake ni daraja la kwanza, wajukuu la pili, vitukuu la tatu, vilembwe la nne. Daraja la tatu lina maana kwamba bibi na bwana harusi wote ni vitukuu wa wazazi wale wale. Daraja la pili ni binamu wa kwanza, na kibali chake kilitolewa kwa uzito zaidi. Hadi Mei 1918 kizuizi cha kuoana kilifika daraja la nne. Sheria mpya ya Kanisa ikakipunguza hadi la tatu.

Neno likiwa *affinitatis*, undugu ni wa ukwe, kwa mfano mwanamume aliyemwoa dada wa marehemu mkewe. Vyovyote iwavyo, maelezo haya ni zawadi kwa mtafiti: yanakuambia kwamba matawi mawili unayoyafuata yanakutana, na katika kizazi gani. Wazao huona haya kuyataja, na sioni sababu. Parokia ilikuwa ndogo, familia zilitoka vijiji vichache, na mabinti hawakuolewa mbali na mlio wa kengele ya kanisa.

## Sensa, ardhi na uraia

11. Sensa ya 1890 iko wapi?

Karibu yote iliharibika kutokana na moto wa Januari 1921 mjini Washington. Kwa Minnesota pengo hilo si kubwa, kwa sababu jimbo lilifanya sensa zake lenyewe mwaka 1865, 1875, 1885, 1895 na 1905, mbali na ile ya 1857 iliyotangulia Minnesota kupewa hadhi ya jimbo mwaka 1858. Tumia ya 1885 na ya 1895.

Kati ya sensa za taifa, ya 1900 ndiyo yenye manufaa zaidi: inataja mwezi na mwaka wa kuzaliwa, mwaka wa kuingia Marekani, miaka ya ndoa, na mama alizaa watoto wangapi na wangapi walikuwa hai. Tofauti ya namba hizo mbili za mwisho ndiyo inayokutuma tena kwenye kitabu cha mazishi. Sensa hufungwa kwa miaka 72. Ya 1950 ilifunguliwa Aprili 2022.

12. Sensa inasema “Prussia” mwaka mmoja na “Oldenburg” mwaka mwingine. Ipi ni sahihi?

Ujerumani haikuwa nchi moja kabla ya 1871, na karani aliandika alichoambiwa au alichoelewa. Oldenburg ilikuwa dola yenye Duke Mkuu wake, Westfalia na Eifel zilikuwa za Prussia, na Hannover ilimezwa na Prussia mwaka 1866. Jibu mahususi zaidi ndilo la kuaminiwa: hakuna karani wa Minnesota ambaye angebuni “Oldenburg” kama hakuambiwa. Hati za uraia hukata shauri kwa njia ambayo wengi hawaitegemei (tazama swali la 15).

13. Walipataje mashamba, na nyaraka zake zina nini?

Waliofika kabla ya 1862 wengi walitumia sheria ya 1841 iliyomruhusu mtu aliyekwisha kukaa kwenye ardhi ya serikali kuinunua kwa dola 1.25 kwa ekari, hadi ekari 160. Sheria ya Homestead ya 20 Mei 1862 ikaleta njia nyingine: ekari 160 kwa ada ndogo, kwa sharti la kuishi hapo na kulima kwa miaka 5. Mwombaji alipaswa kuwa mkuu wa familia au kutimiza miaka 21, na kuwa raia au ametangaza nia ya kuwa raia.

Hati miliki yenyewe inaonekana bure katika hifadhi ya mtandaoni ya idara ya ardhi ya serikali kuu, lakini inasema machache. Kinachofaa kuagizwa ni jalada la maombi lililoko Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Washington. Humo mkulima anaeleza ameng'oa visiki kwenye ekari ngapi, nyumba yake ya magogo ina ukubwa gani na ghala lilijengwa lini, na majirani wawili wanathibitisha. Nakala ya hati ya uraia huwekwa humo pia.

Ukiona familia ilikaa miaka 4 kisha jalada likanyamaza, kumbuka nzige. Wingu la nzige liliharibu mazao mwaka 1856 na 1857, kisha tena kwa mfululizo kuanzia 1873 hadi 1877. Gavana John S. Pillsbury alitangaza siku ya sala tarehe 26 Aprili 1877, na mwaka huo huo wakulima wa Cold Spring walijenga kikanisa cha Mama Maria juu ya kilima kwa nadhiri. Kimbunga kilikibomoa mwaka 1894, na kilichopo sasa ni cha mawe ya matale, kilichojengwa upya mwaka 1951. Waliopoteza mazao waliruhusiwa nyakati fulani kuondoka shambani kwa muda bila kupoteza haki, hivyo kutoonekana kwao hakumaanishi walihama.

14. Nimepata maelezo kama “NW¼, 10, T123N R31W”. Nayasomaje?

Soma kutoka nyuma. Safu ya 31 magharibi na taunishipu ya 123 kaskazini hukupa mraba wa maili 6 kwa 6. Mraba huo una sehemu 36 za ekari 640 kila moja. Wewe unataka sehemu ya 10, na ndani yake robo ya kaskazini-magharibi, ambayo ni ekari 160 barabara. Sehemu ya 16 na ya 36 zilitengwa kwa ajili ya shule, hivyo shamba la mwanzo kwenye namba hizo lilinunuliwa kutoka kwa jimbo. Weka namba za majirani kwenye ramani moja na ulinganishe na orodha ya wasimamizi uliyotengeneza katika swali la 9.

15. Hati za uraia zinasaidia nini, na kwa nini bibi hana?

Kabla ya Septemba 1906 mahakama yoyote yenye kumbukumbu iliweza kutoa uraia, na fomu ilikuwa fupi: jina, nchi na kiapo. Lakini kiapo kilimtaka mtu amkane mtawala wake kwa cheo. Aliyemkana Mfalme wa Prussia, Duke Mkuu wa Oldenburg, Mfalme wa Bavaria au Mfalme wa Uholanzi, ambaye hadi 1890 alikuwa pia Duke Mkuu wa Luksemburg, ameshakuonyesha upande wa ramani.

Mke alipata uraia kupitia mumewe kuanzia 1855 hadi 1922, ndiyo maana bibi hana hati yake. Wapo pia wanaume walioishia kwenye tangazo la nia, kwa sababu Minnesota iliwaruhusu kupiga kura kwa hati hiyo peke yake hadi 1896, na hawakuona haja ya kuendelea. Uzembe huo uliwagharimu Februari 1918, jimbo lilipowaandikisha wageni wote wasio raia na kuwauliza kuhusu mali zao na ndugu zao walioko vitani. Fomu hizo, zilizotungwa kwa shuku, leo ni kati ya nyaraka zenye maelezo mengi zaidi kuhusu wazee wa Kijerumani.

16. Babu alikuwa na shamba kubwa lakini hakuna wosia wala mirathi. Ilikuwaje?

Pengine aliligawa akiwa hai. Desturi ya wakulima hawa ilikuwa kumwachia mtoto mmoja shamba pale wazazi walipochoka, kwa bei ya chini, na mtoto kufunga mkataba wa kuwatunza. Mkataba husajiliwa katika vitabu vya hati vya kaunti, na baadhi hutaja kila kitu: chumba gani cha nyumba, kuni kiasi gani, maziwa, unga, na gari la farasi la kwenda kanisani Jumapili. Usipotafuta katika vitabu vya hati hutauona, kwa sababu mahakama ya mirathi haikuhusika.

## Kuvuka bahari

17. Sipati jina la meli. Nifanyeje?

Usikwame hapo. Wengi walipanda meli Bremen, na karibu orodha zote za bandari hiyo za karne ya 19 ziliharibiwa. Za Hamburg zipo kuanzia 1850 hadi 1934. Upande wa Marekani orodha zinaanzia 1820, na New Orleans na Baltimore zitazamwe pamoja na New York. Hata ukiipata meli, mara nyingi itakuambia “Prussia” na kuishia hapo.

18. Je, jina letu lilibadilishwa Ellis Island?

Hapana. Ellis Island, kituo cha kupokea wahamiaji katika bandari ya New York, ilifunguliwa 1 Januari 1892, wakati familia hizi nyingi zilishavuna misimu thelathini, na hata hapo makarani walisoma orodha zilizoandikwa kwenye bandari ya kuondokea. Majina yalibadilika polepole shuleni, benki na kwenye sensa.

19. Ndugu wawili wa baba mmoja na mama mmoja wana majina tofauti ya ukoo. Ni makosa?

Si lazima. Westfalia na Oldenburg jina lilifuata shamba. Mwanamume aliyeoa binti mrithi na kuhamia kwake alichukua jina la shamba hilo, na vitabu huandika *genannt* (aitwaye) au *modo* (sasa) kati ya majina mawili. Aliyevuka bahari angeweza kubaki na la shamba huku nduguye akirudia la baba. Jina la asili likitoweka ghafla kizazi kimoja kabla ya kuhama, tafuta ndoa ya mwanamke mwenye ukoo unaolingana na jina jipya.

20. Vitabu vya Ulaya vinapatikana wapi?

Ukishajua kijiji, vitabu vya parokia za Jimbo Katoliki la Münster na mengine kadhaa vimewekwa katika tovuti ya Matricula, bure. Watu wa Eifel wana bahati ya ziada: eneo hilo lilitawaliwa na Wafaransa tangu miaka ya 1790, hivyo lina usajili wa serikali wa mapema, wakati Prussia kwa ujumla iliungoja hadi 1874. Usipojua kijiji, soma tanzia katika *Der Nordstern*, gazeti la Kijerumani lililochapishwa St. Cloud kuanzia 1874 hadi 1931.

## Mambo magumu

21. Binti ametoweka kwenye sensa akiwa na miaka 17, hakuolewa wala hakufa.

Tazama konventi. Mabinti wengi waliingia kwa Wabenedikto wa St. Joseph au kwa Wafransisko wa Little Falls, na wavulana waliingia abasia ya Collegeville. Sensa humwandika sista kwa jina la kitawa, hivyo jina la ubatizo halitakusaidia. Hifadhi za watawa huwa na kumbukumbu za marehemu zinazotaja wazazi na parokia.

22. Watoto wawili wa wazazi wale wale wana jina moja.

Kwa kawaida wa kwanza alifariki. Jina la mtoto aliyekufa lilirudiwa kwa anayefuata, na kitabu cha mazishi kitathibitisha. Mtoto aliyekufa kabla ya ubatizo kwa kawaida hatakuwa na mstari wa ubatizo wala kaburi ndani ya eneo lililobarikiwa.

23. Mtoto katika familia alizaliwa New York, ingawa wazazi hawakuwahi kuishi huko.

Huenda aliletwa kwa treni. Nyumba ya kulelea watoto ya New York Foundling, iliyofunguliwa na masista mwaka 1869, iliwapeleka watoto wadogo kwa familia za Kikatoliki za Magharibi ya Kati, zikiwemo za katikati ya Minnesota, kwa kupitia mapadre wa parokia. Walibaki na majina yao au walipewa ya walezi. Taasisi hiyo ina utaratibu wa kushughulikia maombi ya wazao.

24. Vipimo vya vinasaba vinanionyesha binamu wa tatu, nyaraka zinasema binamu wa tano.

Hilo hutokea katika jamii iliyooana ndani kwa ndani (swali la 10). Watu wawili wenye mababu watatu au wanne wa pamoja hushiriki vipande vingi vya vinasaba kuliko jedwali la makadirio ya undugu linavyotarajia. Amini nyaraka, na utumie vipimo kulinganisha tawi na tawi.

25. Familia nzima imeondoka kati ya 1902 na 1910. Ilikwenda wapi?

Jaribu Saskatchewan kabla ya kwingine. Kuanzia 1902 Wabenedikto kutoka Cluny, Illinois, na wakulima Wajerumani, wengi wao wa Stearns, walianzisha makazi ya Mtakatifu Petro katika eneo la Humboldt, na mji wa Muenster ukapata abasia. Wana wa wakulima waliokosa ardhi nyumbani walipata tena ekari 160, safari hii chini ya sheria ya Kanada, na majalada ya maombi yao yako katika hifadhi ya nyaraka ya Saskatchewan. Vitabu vya parokia za huko mara nyingi hutaja parokia ya Minnesota ambako bwana na bibi harusi walibatizwa.